Kisu cha Mbelgiji wa Birere

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: kizibuo cha mvinyo kina kazi gani msituni?

Kila kisu cha kukunja nilichokiona kwenye simu kilikuwa na bapa, msumeno mdogo, mkasi, kifungua kopo, bisibisi, na mgongoni, kimejisokota kama mkia wa nguruwe, kizibuo. Niligeuka huku na huku kitandani nikilipima jambo hilo. Kama kiko pale, basi kuna fundi mwenye akili timamu, huko kiwandani, aliyeona kwamba mtu anayetembea porini atakihitaji. Maana yake kuna hatari ya porini ambayo mimi siijui na ambayo inamalizwa kwa kizibuo. Kwa upande mwingine, Papa ni shemasi kanisani. Akikiona kizibuo mfukoni mwa binti yake, ataniuliza ni chupa gani ninayokwenda kuifungua huko, na pamoja na nani.

Ningeweza kumuuliza mtu. Lakini nilikuwa nimekatazwa kuuliza.

Yote yalianza kwa ujumbe. Nilikuwa nimemaliza lisansi yangu ya utalii chuo kikuu, na tangu hapo nilikaa nyumbani kwetu Katoyi, hapa Goma, nikipanga na kupangua kabati la sahani la Mama mpaka akaniomba niache. Ndipo watu fulani wanaoongoza wageni kutembea milimani wakaniandikia kwamba wanatafuta wasaidizi. Wangetupeleka waombaji wote kisiwani Idjwi, tutembee vilimani, tulale kwenye mahema katika msitu uliobaki upande wa kusini, na wale watakaojimudu wangepewa kazi. Kila mmoja aje na kisu chake cha kukunja chenye zana nyingi. Kila mmoja athibitishe kabla ya Ijumaa usiku. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine.

Niliandika "Nakuja." Nikafuta. Nikaandika "Ningependa kuja." Nikafuta hilo pia, kwa sababu lilisikika kama la mtu anayeomba samahani.

Papa aliusoma ujumbe akiwa amesimama, jinsi anavyosoma matokeo ya wanafunzi wake; ni mkuu wa shule ya sekondari na mwalimu wa hisabati. Nilitegemea aseme hapana, nami nilie kidogo, mambo yaishe. Akasema jambo baya zaidi.

"Utaenda. Lakini kisu utachagua wewe, peke yako. Bila kuuliza mutu hata mumoja. Ukiuliza mutu, unabaki."

"Papa, hata Mama?"

"Ona! Umesha anza."

Sababu ilikuwa simu yangu. Wakati wa kuinunua niliomba maoni ya kila mtu: binamu, majirani, msimamizi wa kuandika memwari yangu chuoni, hata mchungaji pale mlangoni baada ya ibada. Nikajaribu kumridhisha kila mmoja wao, nikarudi na simu ambayo hakuna aliyeipenda, nikiwemo mimi. Nyumbani inaitwa "simu ya kamati." Papa aliona kwamba msichana atakayeongoza wageni kwenye ukungu hawezi kuitisha kamati kila njia inapogawanyika. Hakuwa amekosea, na ndiyo maana nilikasirika.

Basi nikatafuta mwanya. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la jirani yetu, mama mshona nguo, nikashusha pumzi kwa nguvu na kuliambia paa lake la bati: "Kama mtu angekuwa na kisu, na kisu kile kina kizibuo…"

"We mutoto," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "Papa yako alisha pita hapa asubuhi."

Alikuwa amepita kila mahali. Bibi yangu aliponiona naingia uani kwake, aliziba masikio kwa viganja na kuanza kuimba wimbo wa kanisa, beti zote, huku akinitazama kwa furaha kubwa. Mama alikuwa na msimamo wake pia. Nilipomwambia kwamba siulizi, nawaza tu kwa sauti, alijibu kwamba mtu anayewaza kwa sauti hawezi kusimama na kusubiri jibu. Hata waendesha moto, zile pikipiki za abiria za kwenye kona, walikuwa na habari. Niliposimamisha moto kwenda Birere, dereva aliniambia, "Panda, dada. Lakini juu ya mambo ya kisu, mi siko na maoni." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangukia usukani na honi ikalia.

Kule Birere kuna kichochoro ambacho meza zake zote zinauza kufuli, tochi, vikata kucha na visu. Muuzaji wa meza ya kwanza alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, ingawa jua lilikuwa kali. Visu vyake alivitenga mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la visu vinavyong'aa, bado vimo kwenye nailoni zao. La pili lilikuwa la visu vilivyochakaa, wekundu wake umefifia, kona zimeliwa. Kama mtu yeyote wa Goma, sikuvitupia hata jicho vile vipya.

Kwetu kitu kipya kinatia shaka. Kimetoka kiwandani jana na kesho ni takataka. Kilichotumika, okazyoni, ndicho chenye heshima: kimeishi Bulaya, kimevumilia baridi, kimemtumikia Mzungu, na bado kinapumua. Friji yetu ni okazyoni. Koti langu ni okazyoni. Viatu nilivyovaa siku ile vilishatembea katika miji ambayo mimi labda sitaiona kamwe, na kuna siku ninavionea wivu.

"Dada, hii ilikuwa ya Mubeleji," muuzaji akasema, akinionyesha herufi mbili, M na V, zilizokwaruzwa ubavuni. "Muzee ya kupanda milima. Ile milima ya teluji."

"Alikufa?"

"Hapana! Alizeeka. Magoti ilikataa. Njo akasema, pelekeni kisu yangu mahali kuko milima ingine."

Nilikishika kile kisu, na hapo hapo nikampenda Mbelgiji wangu. Kona iliyoliwa ilikuwa ya kulia. Kwa hiyo alitumia mkono wa kulia. Alikuwa na mbwa, nilihisi. Alikuwa mtu asiyeuliza watu ovyo. Kisha nikakifungua kizibuo na kuona kimechakaa kuliko zana nyingine zote, nikaanza kupata wasiwasi. Mpanda milima anayemaliza kizibuo kabla ya msumeno ni mpanda milima kweli? Ama alikaa chini ya mlima na chupa yake, akiutazama?

"Nitarudi," nikamwambia muuzaji.

"Bote banasemaka vile," akajibu. "Wanarudi, kisu ilisha enda."

Nilirudi Ijumaa, siku ya mwisho, baada ya kumfikiria Mbelgiji yule kuliko nilivyowahi kumfikiria mwanamume yeyote. Lakini sikwenda moja kwa moja kwenye meza yake. Nilipitia nyingine kwanza, kwa ajili ya kulinganisha. Kulinganisha si kuuliza. Hilo nilikuwa nimeshalijadili na nafsi yangu na tukakubaliana. Kwenye meza ya mama mmoja mnene nikaona kisu chekundu kilichofifia, kona ya kulia imeliwa, ubavuni M na V.

"Hiyo ilikuwa ya Mubeleji," yule mama akasema. "Daktari."

Kwenye meza iliyofuata, M na V tena. Huyu alikuwa padri.

Nikasimama pembeni kuwaza. Kulikuwa na maelezo mawili tu. Ama Mbelgiji mmoja, mpanda milima, daktari na padri, alitembea maisha yake yote na suruali yenye mifuko mingi kupita kiasi, ama kulikuwa na jambo. Nikazunguka nyuma ya meza ya yule wa kofia ya sufu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya parasoli, ule mwavuli wa meza yake, jiwe la lava limebanwa katikati ya viatu vyake, na mkononi kisu kipya kilichotoka kwenye nailoni muda huo huo. Alikuwa anasugua kona ya kulia kwa bidii. Kando yake kulikuwa na kopo la mafuta machafu ya injini, na msumari wa kuandikia herufi.

Nilikuwa namwona Mbelgiji wangu akizaliwa, tena akiwa mzee tayari.

Nilifungua mdomo ili nikohoe. Kabla sijakohoa, nikasikia sauti upande wa mbele.

"Kijana, kuna mutu hapa?"

Ilikuwa sauti ya Papa. Papa, ambaye kila siku anatuambia kwamba Birere mtu anaenda kupoteza saa yake kwanza na roho yake baadaye. Kulia kwangu kulikuwa na kamba ya makoti ya okazyoni. Nikaingia katikati ya mawili ya sufu na kutulia.

Muuzaji alijipangusa mikono akarudi mezani. "Karibu, muzee. Kufuli?"

"Kisu. Ya kukunja." Papa akapunguza sauti. "Ya porini."

"Niko nayo, muzee. Hii ilikuwa ya Mubeleji mumoja…"

"Ikiloa maji?"

"Inakauka, Papa."

"Na ikikauka na uchafu ndani?"

"Unaosha."

"Na ukiosha, si imeloa tena?"

Kupitia mwanya wa makoti nilimwona muuzaji akimtazama Papa jinsi msimamizi wa memwari yangu alivyozoea kunitazama mimi. Papa aliendelea. Bapa likijifunga na kumbana mtu vidole? Msumeno ukikutana na mti mgumu? Na mtu akikiangusha ziwani, kinaelea? Mwishowe akakikunjua kizibuo, akakiinua kwenye jua.

"Na hii ya kuzunguka? Ni ya nini?"

Muuzaji alimwangalia: tai iliyofungwa vizuri, Biblia ndogo ikichungulia mfukoni mwa koti. Alikuwa mfanyabiashara hasa.

"Ni ya kutoa mwiba, Papa."

"Mwiba gani inatolewa na kitu kama hii?"

"Ya Bulaya. Miba yao inazunguka."

Niling'ata mkono wa koti la sufu. Papa, mtu wa hisabati, alitikisa kichwa taratibu akikubali, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolishuku siku nyingi.

"Ni ya nani, muzee? Yako?"

"Ya binti yangu. Nilimukataza kuuliza batu. Nilimuambia achague peke yake."

"Sasa wewe unachagua juu ya nini?"

Mtu alipita na mzigo wa ndoo za plastiki, wote wawili wakampisha.

"Kama atakosea," Papa akasema, "hii itakuwa kwa sakoshi yake, chini kabisa ya nguo. Hatajua mupaka siku atakuwa na lazima nayo. Ule mutoto, mi silali vizuri juu yake."

"Anaulizaka sana?"

"Sana! Kila kitu! Sijui alitoa wapi ile tabia." Alihesabu noti zake, akasita. "Ngoja. Na mkasi ikikwama?"

Alipoondoka, Mbelgiji akiwa amefichwa nyuma ya Biblia, nilibaki kidogo ndani ya makoti yale. Kicheko kilikuwa kimeniishia. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda Papa, na sasa sikujua nimshinde nani. Nikitoka na kumwambia kwamba amedanganywa, atajua nimemwona. Nikirudi nyumbani mikono mitupu, jioni itaingia, nafasi yangu itapewa mtu mwingine, na Papa ataendelea kukosa usingizi nami nikiwa chumba cha pili. Nikatoka.

"Dada!" muuzaji akaruka. "Nilikuambia! Mubeleji yako ameisha enda."

"Si uko na mwingine unamzeesha pale nyuma ya parasoli?"

Aliangalia mikono yake yenye mafuta, akaangalia jiwe. Aibu haikuja.

"Batu ya Goma, dada," akasema. "Nilikaa hapa na mupya, bananiita mwizi. Siku nilikamata jiwe, banasema mi ni mutu ya ukweli. Sasa nifanye aje?"

Nami nilikuwa mmoja wa hao watu wa Goma. Nikachukua kisu kipya mkono mmoja na Mbelgiji mwingine mkono wa pili. Walikuwa mapacha, wametoka boksi moja. Nikavifungua, nikavifunga, nikavifungua tena. Bapa la kile kipya lilitoka laini na kukaa imara. La Mbelgiji lilitoka likilia krrr, kama mtu anayetafuna wali wenye mawe, kwa sababu unga wa lava ulikuwa umeingia kwenye maungio yake. Ule uzee tulioupenda sote ndio uliokuwa ugonjwa wake.

"Nipe hiki kipya," nikasema.

"Hapana, dada. Kweli? Batu watakucheka. Leta nikupigie jiwe kidogo tu. Bure."

"Usikiguse."

"Hata herufi?"

"Hata herufi."

Nililipa haraka, kabla swali la kizibuo halijaamka. Liliamka nikiwa juu ya moto, karibu na mzunguko wa barabara, lakini wakati huo kisu kilikuwa tayari mfukoni na dereva alikuwa ameapa kutokuwa na maoni.

Nyumbani nilimkuta Papa mezani amevaa koti, ndani ya nyumba, katika joto lile. Mama alikuwa amenunua jibini la Masisi na alikuwa akihangaika na chupa ya mafuta ya mawese ambayo kigunzi cha muhindi kilichoizibia kilikuwa kimezama shingoni. Niliweka kisu katikati ya meza.

"Uliuliza nani?" Papa akasema.

"Hakuna mutu, Papa."

Ilikuwa kweli. Kusimama kwenye makoti na kusikiliza si kuuliza. Papa alikiinua kile kisu, uso wake ukaanguka.

"Lakini hii ni mupya," akasema kwa huruma. "Mupya kabisa."

Mama aliiacha chupa, akakichukua na kuanza kufungua zana moja baada ya nyingine, akizitaja. Mkasi. Msumeno. Kifungua kopo. Kisha akafika mgongoni. "Na hii ya kuzunguka? Ni ya nini?"

"Ya kutoa mwiba," Papa akasema.

Mama alimgeukia. "Mwiba?"

"Ya Bulaya," akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Papa ya batoto, nani alikufundisha hiyo?"

Ningeweza kunyamaza. Binti mwema angenyamaza.

"Miba yao inazunguka," nikasema. "Sivyo, Papa?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akatia mkono ndani ya koti, akaisogeza Biblia, na kumweka Mbelgiji mezani kando ya kisu changu. Mama alianza kucheka akiwa amesimama na kumalizia akiwa ameketi juu ya gunia la makala ya kupikia.

"Tujaribu zote mbili," Papa akasema, kwa heshima yote iliyombakia.

Jibini lilikatwa na visu vyote viwili, na Papa akapata matumaini. Kisha Mama akaleta makopo mawili ya nyanya. Kisu changu kilizunguka kopo mpaka mwisho. Cha Papa kilifika katikati, kikalia krrr, kikakwama, na kifungua kopo kikagoma kurudi mahali pake. Papa alivaa miwani. Alikigongagonga kisu kwenye ukingo wa meza, na unga mweusi ukamwagika juu ya kitambaa cheupe, ule ule wa lava ya volkano tunaoufagia uani kila asubuhi. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akaangalia herufi M na V, akaangalia unga.

"Huyu Mubeleji," akasema taratibu, "alizaliwa hapa."

Hapo sote watatu tukacheka, Papa mpaka akavua miwani. Ni Mama aliyenyamaza kwanza. Bila kumuuliza mtu alichukua kisu changu, akakikita kizibuo katika kigunzi kilichozama, akazungusha, akavuta. Kikatoka po! Akamimina mafuta kwenye sufuria na kuendelea na mboga yake.

"Utaenda," Papa akaniambia. Akajikaza, lakini hakuweza. "Lakini mvua ikinyesha? Hema ikivuja? Na kama hao benzako…"

"Papa," nikasema, "unauliza."

Akafunga mdomo. Nje taa za duka la jirani zilikuwa zinaanza kuwaka. Nikaichukua simu ya kamati, nikaandika: "Nakuja. Kisu ninacho." Kidole kilining'inia juu ya kioo. Papa alikuwa akinitazama, Mama akinitazama, na hakuna aliyesema neno, ingawa kwa Papa niliona jinsi lilivyomuuma.

Nikautuma.